Mguu Uliokosa Damu

Sababu kubwa ya watu kukatwa mguu katika nchi tajiri, na sasa zaidi na zaidi katika hospitali za miji ya Afrika Mashariki, ni ugonjwa wa mishipa ya damu, peke yake au ukiandamana na kisukari. Ajali za barabarani bado zinachukua miguu ya vijana wengi, hasa wa bodaboda. Mgonjwa wa mishipa ni mtu wa aina nyingine: kwa kawaida amepita miaka 50, ana presha au kisukari, pengine amevuta sigara maisha yake yote, na moyo wake nao una kasoro ambayo huenda haijagunduliwa. Tofauti hiyo huamua karibu kila kitu kitakachofuata baada ya upasuaji. Kijana wa ajali amepoteza mguu. Mgonjwa wa mishipa amepoteza mguu, na ugonjwa uliouchukua anao bado.

Damu ya miguu hushuka kutoka moyoni kwa ateri kuu, ambayo karibu na kitovu hugawanyika matawi mawili, moja kila upande. Kila tawi hupita kinenani, likafuata paja, likapenya nyuma ya goti, kisha likagawanyika tena kuwa mishipa mitatu myembamba inayofika hadi vidoleni. Katika ugonjwa wa ateri za miguu, mafuta aina ya kolestro na chokaa hujijenga ndani ya ukuta wa mshipa, mwaka baada ya mwaka, hadi njia inasinyaa au kuziba kabisa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Lancet yalionyesha kuwa watu zaidi ya milioni 200 duniani wana ugonjwa huu, na wengi wao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sigara huharibu zaidi mishipa mikubwa ya kinena na paja. Kisukari hushambulia ile ya chini ya goti, ambayo kuizibua ni kazi ngumu zaidi.

Dalili ya kwanza ni ya kutembea. Mtu anatoka kituo cha daladala kwenda sokoni, na akifika mahali fulani shavu la mguu linabana kwa maumivu. Akisimama dakika chache maumivu yanaisha. Akiendelea, yanarudi baada ya umbali uleule. Wengi husema ni uzee, au baridi yabisi, wakanunua dawa ya kuchua. Mpasuaji Mfaransa René Fontaine aliupanga ugonjwa huu mwaka 1954 katika hatua nne ambazo madaktari wanazitumia hadi leo: mshipa ulioziba bila dalili, maumivu ya kutembea, maumivu ya kupumzika, na mwisho kidonda au kuoza. Hatua ya tatu ina alama yake ya wazi. Usiku mgonjwa hawezi kulala kwa maumivu ya wayo na vidole, anaamka, anauning'iniza mguu nje ya kitanda, na anapata nafuu kwa kuwa damu kidogo iliyopo inashuka kwa uzito wake. Wako wanaolala wakiwa wamekaa kwenye kiti kwa wiki kadhaa kabla ya kwenda hospitali.

Kupima hakuhitaji mashine kubwa. Presha ya kifundo cha mguu hugawanywa kwa presha ya mkono. Jibu likiwa 1 au likizidi kidogo, damu inafika. Likishuka chini ya 0.9, ugonjwa upo. Chini ya 0.4, mguu uko hatarini. Kwa mwenye kisukari, hata hivyo, kipimo hiki kinaweza kudanganya. Ukuta wa mshipa uliojaa chokaa hauminyiki na mpira wa presha, kwa hiyo namba inatoka kubwa na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa mguu ni mzima. Ndiyo maana daktari makini huangalia pia rangi ya ngozi, huugusa wayo kuona kama ni wa baridi, na hutafuta mapigo ya damu kwa vidole vyake juu ya wayo na nyuma ya kifundo.

Kisukari kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu huushambulia mguu kwa njia mbili kwa pamoja. Kinaziba mishipa ya damu, na kinaua mishipa ya fahamu. Mguu wenye ganzi hauumi, na mguu usiouma haulindwi. Mwenyewe hutembea na msumari uliopenya ndala, au kokoto ndani ya kiatu cha kubana, kutwa nzima bila habari. Anapokanda miguu kwa maji ya moto ili kuondoa ganzi, anaiunguza. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wakiwa usingizini, wakagundua asubuhi walipoona damu kwenye shuka. Kati ya kila watu 100 wenye kisukari wanaokatwa mguu, takriban 85 walianza na kidonda ambacho kingeweza kutibiwa. Hapo katikati kuna wiki nyingi za kubadilisha bendeji nyumbani, kupaka asali au unga wa dawa ya kienyeji, na kusubiri.

Njia nyingine mbili za kufikia kukatwa mguu si za kawaida sana, lakini zinafaa kujulikana. Ya kwanza ni mshipa kuziba ghafla. Bonge la damu huganda ndani ya moyo unaodunda bila mpangilio, au moyo ambao vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, kisha likachopoka na kwenda kunasa kinenani au nyuma ya goti. Mguu unakuwa mweupe, wa baridi, unauma vibaya, na baadaye unakufa ganzi. Misuli huvumilia kwa takriban saa 6. Tangu Mmarekani Thomas Fogarty alipotangaza mwaka 1963 mrija wake mwembamba wenye kiputo mwishoni, bonge kama hilo huweza kuvutwa kupitia tundu dogo, mradi mgonjwa afike mapema. Njia ya pili ni ugonjwa ulioelezwa na Leo Buerger mwaka 1908, unaowapata hasa wanaume vijana wavutaji wa tumbaku na kuziba mishipa midogo ya miguu na mikono. Tiba yake ya kweli ni moja tu, kuacha tumbaku kabisa, na anayeacha kabla ya kuoza huwa na nafasi kubwa ya kubaki na miguu yake.

Kabla ya kukata, kinachotakiwa ni kurudisha damu. Daktari huweza kupitisha mrija mwembamba hadi palipoziba na kupanua kwa kiputo, au kuchukua mshipa wa vena wa mgonjwa mwenyewe na kuutumia kuchepusha damu ipite pembeni ya kizuizi. Kazi hizi zinahitaji picha za mishipa, vifaa ghali na wataalamu ambao Afrika Mashariki bado ni wachache na wako miji mikubwa. Hata penye kila kitu, mara nyingine haziwezekani. Rais Josip Broz Tito wa Yugoslavia, aliyekuwa pamoja na Mwalimu Nyerere katika harakati za nchi zisizofungamana na upande wowote, alikuwa na kisukari na mishipa ya mguu wa kushoto iliyoziba. Januari 1980 alilazwa Ljubljana chini ya uangalizi wa madaktari bora wa nchi yake na washauri kutoka nje. Walijaribu kuuchepushia damu mguu huo, wakashindwa, na tarehe 20 Januari ukakatwa. Alipata nafuu kwa muda. Kisha moyo na figo vikaanza kuchoka, nimonia ikaingia, na tarehe 4 Mei akafariki, siku chache kabla ya kutimiza miaka 88. Kidonda cha mguu hakikumuua. Alikufa kwa viungo vingine vilivyokuwa vimelishwa kwa mishipa ileile mibovu.

Uamuzi wa kukata huja kwa sura mbili. Kuoza kukavu, ambako kidole hukauka na kuwa cheusi bila harufu wala usaha, huruhusu muda wa kupanga. Mara nyingine kidole hukatika chenyewe. Kuoza kwa majimaji, penye uvimbe, harufu na homa, ni dharura ya saa, kwa sababu sumu ya bakteria inaingia kwenye damu. Hapa ndipo vikao vya familia hugharimu. Mgonjwa anasema afadhali kufa, kaka mkubwa anapigiwa simu kijijini, mtu anapendekeza mganga, na wengine huomba ruhusa wakaondoka wodini. Uchunguzi wa wagonjwa wa kisukari waliolazwa Dar es Salaam kwa vidonda vya miguu, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kuwa kati ya wale wenye vidonda vibaya zaidi ambao hawakufanyiwa upasuaji, zaidi ya nusu walifia hospitalini. Watu husema upasuaji ndio unaoua. Baadhi hufa kweli baada yake, lakini wengi wao walifika kwenye meza ya upasuaji wakiwa wamechelewa mno.

Swali linalofuata ni wapi pakatwe, na hapo kila sentimita ina thamani. Kukata vidole, au nusu ya mbele ya wayo, humwacha mtu akitembea kwa kisigino chake mwenyewe. James Syme wa Edinburgh alianzisha katika miaka ya 1840 namna ya kukata kwenye kifundo na kuhifadhi ngozi ngumu ya kisigino. Lakini damu isipofika wayoni, vidonda vya aina hiyo havifungi, na mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji mara ya pili na ya tatu, kila mara akiwa dhaifu zaidi. Kwa hiyo kwa wengi uchaguzi hubaki kati ya chini ya goti na juu yake, na goti ndilo mali. Vipimo vilivyofanywa Marekani katika miaka ya 1970 vilionyesha kuwa mgonjwa wa mishipa aliyekatwa chini ya goti, akitembea kwa mguu wa bandia, hutumia nguvu zaidi ya mtu mwenye miguu yote miwili kwa karibu asilimia 40. Aliyekatwa juu ya goti hutumia karibu mara mbili. Kwa kijana hilo ni jasho tu. Kwa mzee mwenye moyo mbovu, ni tofauti kati ya kwenda msikitini kwa miguu na kubaki kwenye kiti.

Upasuaji wa chini ya goti wenyewe ni kazi ya fundi anayemfikiria fundi mwingine atakayefuata. Mfupa wa muundi hukatwa sentimita 12 hadi 15 chini ya goti, na ncha yake ya mbele husuguliwa isichome ngozi. Mfupa mwembamba wa pembeni hukatwa mfupi zaidi. Mshipa wa fahamu huvutwa taratibu na kukatwa juu, ujirudishe ndani ya nyama, kwa sababu ncha yake ikibaki chini kabisa italia kila ikiguswa. Nyama ya shavu la mguu, ambayo hupata damu vizuri kuliko ngozi ya mbele, huachwa ndefu nyuma, ikaletwa mbele kufunika mfupa na kushonwa huko. Namna hii ilienezwa na Ernest Burgess wa Seattle katika karne ya 20, na ndiyo inayotumika zaidi kwa wagonjwa wa mishipa.

Mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa mishipa ya damu wa mwaka 2007 ulitoa picha ambayo haijabadilika sana tangu hapo. Kati ya watu 100 wanaokatwa chini ya goti, 10 hufariki katika kipindi cha upasuaji, 60 hupona kidonda moja kwa moja, 15 hupona baada ya kushughulikiwa tena, na 15 huishia kukatwa juu ya goti. Baada ya miaka miwili, 30 wamefariki, 15 wamekatwa juu ya goti, 15 wamekatwa mguu wa pili, na 40 tu ndio wanaotembea vizuri. Ukihesabu miaka mitano, waliokufa ni nusu au zaidi, idadi inayozidi ya saratani kadhaa ambazo watu wanaziogopa sana. Wengi wao hufa kwa moyo au kiharusi. Kwa hiyo asprini, dawa ya kushusha kolestro, dawa ya presha na kuacha sigara ni sehemu ya tiba ya mguu uliokatwa, hata kama mgonjwa haoni uhusiano wake na bendeji. Ajabu ni kwamba wengi huruhusiwa kwenda nyumbani na dawa ya maumivu na tarehe ya kutoa nyuzi, basi.

Kigutu nacho kina masharti yake. Ndugu wenye huruma huweka mto chini yake mgonjwa alale vizuri, na ndio mwanzo wa balaa: goti likikaa limekunjwa wiki tatu, misuli ya nyuma hufupika na halinyooki tena, na goti lisilonyooka haliingii kwenye mguu wa bandia. Aliyekatwa chini ya goti hulala goti likiwa limenyooka. Aliyekatwa pajani hulazwa kifudifudi kwa muda kila siku ili nyonga isijikunje. Bendeji hufungwa kwa mtindo wa namba nane, ikikaza zaidi chini kuliko juu, ili uvimbe upande na kigutu kipate umbo la kuchongoka. Ikikazwa juu, uvimbe hubaki umefungiwa chini.

Halafu kuna maumivu ya mguu usiokuwepo. Mgonjwa huhisi vidole vimekunjika, wayo unaungua, kisigino kinawasha, na akiangalia hakuna kitu. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, alilieleza jambo hili katika karne ya 16, na daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell alilipa jina lake la kitabibu mwaka 1871. Si wazimu wala si mzimu: ubongo bado una ramani ya mguu, na mishipa ya fahamu iliyokatwa inaendelea kupeleka habari. Wengi wa waliokatwa hupata hisia hizo, na kwa sehemu kubwa maumivu hupungua kadiri miezi inavyopita. Dawa kama amitriptilini na gabapentini husaidia baadhi. Katika miaka ya 1990 V. S. Ramachandran alionyesha tiba ya bei ya kioo: mgonjwa hukaa na kioo katikati ya miguu, akauangalia mguu mzima ukionekana mahali pa ule uliokatwa, akaukunja na kuukunjua. Haimsaidii kila mtu, lakini hospitali ya wilaya isiyo na dawa hizo inaweza kukosa kila kitu isipokuwa kioo.

Mguu wa bandia hupimwa kidonda kikishafunga na uvimbe kushuka, kwa kawaida baada ya miezi miwili au mitatu. Katika chuo cha TATCOT kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1981 na kufundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika, kazi huanza kwa penseli. Fundi huweka alama juu ya kigutu kilichovikwa soksi nyembamba, akionyesha kila mahali mfupa ulipo karibu na ngozi. Kisha hufunga bendeji ya plasta iliyolowa, na ikikauka huvua ganda ambalo alama zimehamia ndani yake. Ganda hujazwa plasta, na hilo umbo huchongwa: panapostahimili uzito hupunguzwa, penye mfupa huongezwa. Bamba la plastiki lililolainishwa kwenye tanuri hulazwa juu yake likiwa moto, likapoa kuwa kikombe cha mguu. Kosa dogo hapo huleta kidonda, na kidonda kwenye kigutu chenye damu haba ni hatari ileile ya mwanzo. Kwa kuwa kigutu husinyaa mwaka wa kwanza, kikombe cha kwanza hulegea, na mtu lazima arudi. Nauli ya kurudi huwa ngumu kuipata kuliko mguu wenyewe, na Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa mtu 1 tu kati ya 10 wanaohitaji vifaa saidizi ndiye anayevipata.

Nyumbani, jambo la kwanza linaloshinda watu ni choo. Choo cha shimo kinahitaji kuchuchumaa, na mguu wa bandia hauchuchumai. Kiti cha mbao chenye tundu kilichotengenezwa na seremala wa mtaani, pamoja na bomba la kushikia ukutani, humrudishia mtu faragha yake kuliko kifaa chochote cha hospitali. Kusali kunaweza kufanyika kwa kukaa. Huzuni inayodumu, kukosa usingizi na kukataa wageni ni vya kawaida miezi ya mwanzo na vinatibika, lakini mara nyingi familia husema mzee amebadilika tabia.

Kilichobaki ni mguu wa pili. Sasa unabeba uzito wote wakati wa kuruka na magongo, na mishipa yake imeharibika kama ya mwenzake. Mwimbaji wa jazi Ella Fitzgerald, aliyekuwa na kisukari, alikatwa miguu yote miwili chini ya goti mwaka 1993. Mradi wa Step by Step, ulioanza Tanzania na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa pamoja namna ya kuutunza mguu kama huo: kupima ganzi, kuchonga sugu kabla haijawa kidonda, kumchagulia mgonjwa kiatu kipana kilichofunika vidole badala ya ndala. Nyumbani kazi ni ya kila jioni na inachukua dakika mbili. Wayo huoshwa kwa maji yaliyopimwa kwa kiwiko, hukaushwa hadi katikati ya vidole, kisha hukaguliwa chini kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Rangi iliyobadilika, lengelenge au mchubuko, hata mdogo kama punje ya mchele, ni safari ya kliniki kesho yake asubuhi.